Uliza Bi Karani: Amri ya Kusimamisha Mnada Ina Siku Zake

Mwezi huu barua zenu zimekuja na neno moja: "imesimamishwa." Mnada umesimamishwa, ukataji miti ulisimamishwa, notisi imesimamishwa, hata kunyongwa kumesimamishwa. Nilikaa masjala ya mahakama hapa Nairobi miaka 26 nikipokea mafaili na kugonga mihuri, na neno hilo nimeona likiwaokoa watu na nimeona likiwalaza usingizi. Barua ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu mwenyewe amebakiwa na wiki chache na hajui.

Salamu Bi Karani. Mimi ni mama wa watoto 3, nauza mitumba Gikomba. Mwaka 2021 mimi na mume wangu tulichukua mkopo wa benki, tukaweka rehani hati ya nyumba yetu ya Kayole. Biashara ikaanguka, malipo yakatushinda. Tukaletewa notisi ya kwanza, ya pili, halafu dalali akaja na yake akapiga picha geti. Machi mwaka jana wakili alitutafutia amri ya mahakama, dalali akarudi nyuma. Tangu siku hiyo hatujalipa hata shilingi. Jirani anasema deni limelala mpaka kesi iishe. Wakili naye hashiki simu. Sasa ni Januari. Tuendelee kutulia? – Mama wa Kayole

Mama, msitulie. Jirani anakutakia mema, lakini hilo alilokuambia litakuuzia nyumba.

Kilichosimamishwa ni mkono wa dalali. Deni halikusimamishwa. Tofauti hiyo ndiyo nataka uishike kabla hujasoma lingine lolote hapa. Jaji aliiambia benki: usiuze kwanza, nisikilize pande zote. Hakuiambia iache kuhesabu riba, na hakukuambia wewe uache kulipa.

Sasa chukua ile karatasi ya amri, uiweke mezani. Mwishoni utaona tarehe mbili. Moja ni siku jaji alipotoa amri, nyingine ni siku masjala ilipoitia mhuri na kuikabidhi kwa wakili. Watu wengi hushika ile ya mhuri kwa sababu ndiyo inayoonekana vizuri. Shika ile ya jaji. Kanuni za mashauri ya madai za mwaka 2010, Amri ya 40, kanuni ya 6, zinasema hivi: amri ya zuio ikishatolewa na kesi yenyewe isiamuliwe ndani ya miezi 12 tangu siku ilipotolewa, zuio linaisha lenyewe, isipokuwa mahakama iwe na sababu ya kutosha ya kuamua vinginevyo. Hakuna atakayekupigia simu kukuambia limeisha. Hakuna barua itakayokuja. Karatasi itabaki vilevile, na mhuri wake mwekundu, lakini ndani yake hakuna kitu.

Nilimwona mzee mmoja mwaka 2014. Alikuja dirishani kwangu asubuhi na mapema, amevaa koti la kanisani, ameshika amri yake ameitia plastiki ili isichafuke. Alikuwa ameitundika sebuleni zaidi ya mwaka mzima, karibu na picha ya harusi. Siku iliyotangulia dalali alikuwa ameuza nyumba, na mzee alidhani mahakama imedharauliwa, alitaka dalali akamatwe. Nilitoa faili. Tangu zuio litolewe hakukuwa na kitu kilichoongezwa humo. Hakuna hati ya shahidi, hakuna ombi la tarehe, hakuna kesi kutajwa hata mara moja. Miezi 12 ilikuwa imepita kwa siku 19. Ilinibidi nimweleze mimi, kwa sababu wakili wake hakuwa amekuja naye. Mpaka leo nikiona karatasi imetiwa plastiki moyo wangu hushtuka.

Kwa hiyo, Mama, la kwanza ni kujua faili lako liko wapi. Nairobi kesi zimekuwa zikisajiliwa mtandaoni tangu 1 Julai 2020, na kwa nambari ya kesi unaweza kuonyeshwa masjala ni nini kimewasilishwa na tarehe gani inafuata. Nenda mwenyewe. Wewe ndiye mwenye kesi, wakili ni mtu uliyemtuma. Kama hakuna tarehe ya kusikizwa, mwandikie wakili barua, siyo ujumbe wa simu. Mwambie unataka kesi ipangiwe tarehe na ombi la kuongeza muda wa zuio liwasilishwe kabla ya miezi 12 kutimia. Asipojibu kwa wiki moja, badilisha wakili. Ipo fomu ya hilo, na haihitaji ugombane na mtu.

La pili ni pesa. Jaji atakayesoma ombi lako atauliza swali moja kabla ya yote: kwa miezi hii 10 umefanya nini? Mtu aliyelipa shilingi 5,000 kila mwezi, na ana risiti 10, anaonekana tofauti na mtu aliyekaa kimya. Anza mwezi huu, kiasi chochote unachoweza bila watoto kulala njaa. Lipa kwenye akaunti ya mkopo, weka risiti.

La tatu, iandikie benki ikupe taarifa kamili ya mkopo: mlikopa kiasi gani, mmelipa kiasi gani, na mkopo uliingia lini kwenye orodha ya mikopo isiyolipika. Tarehe hiyo ya mwisho ni ya thamani kwako. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inasema tangu siku mkopo unapoacha kulipika, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kupita deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Tuseme siku hiyo mlikuwa na deni la msingi la shilingi milioni 1.4. Basi riba itapanda, itapanda, mwisho ikigonga milioni 1.4 inasimama. Jumla milioni 2.8, pamoja na gharama halali za kudai. Nimeona taarifa za mikopo zilizopita hapo na mwenye deni hakusema neno kwa sababu aliona aibu kuuliza. Usione aibu.

Na nikueleze kwa nini nasisitiza riba. Mimi mwenyewe niliumia mwaka 2020. Korona ilipoingia, tarehe 18 Machi Benki Kuu ilitangaza kwamba wakopaji waliokwama wanaweza kuomba kuongezewa muda, hadi mwaka mmoja, na kwamba gharama za kupanga upya mikopo zibebwe na benki. Kufikia Februari 2021 zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki za Kenya ilikuwa imepangwa upya. Mkopo wangu mmoja ulikuwa humo. Nilikuwa nimebakisha shilingi 480,000, riba asilimia 13 kwa mwaka. Nilisikia redioni "gharama ni za benki," nikaelewa riba ni ya benki. Nikatia sahihi likizo ya malipo ya miezi 6. Riba ya kila mwezi ilikuwa shilingi 5,200, na miezi 6 ni 31,200, na yote ilirudishwa juu ya deni. Gharama zilizosemwa zilikuwa ada za kuandika mkataba upya. Nilikuwa mfanyakazi wa mahakama, nikisoma mikataba ya watu kila siku, na wangu sikuusoma kwa sababu nilikuwa na hofu na nilitaka kupumua. Najua hali hiyo. Ndiyo maana siwezi kukulaumu kwa miezi hii 10.

Umetaja notisi tatu. Tazama kama zilikuwa sawa, maana nyumba nyingine zimeokolewa hapo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki ingoje mwezi mmoja baada ya kushindwa kulipa, kisha itoe notisi ya kulipa isiyopungua siku 90. Zikipita, itoe notisi ya kuuza ya siku 40. Halafu dalali naye, kwa kanuni zake, anatoa siku 45 za kukomboa nyumba. Kama nyumba ni ya familia, mwenzi aliyeishi humo alipaswa kukubali kwa maandishi rehani ilipowekwa, na alipaswa kupata nakala ya notisi ya kuuza. Wewe uliiweka sahihi yako mbele ya wakili? Au mume wako alikwenda peke yake? Umeandika "tulichukua," kwa hiyo nadhani ulikuwapo, lakini mwambie wakili mpya aitazame ile hati.

La mwisho, na hili mkaliongee na mume wako usiku watoto wakishalala. Mkiona wazi kwamba deni halitalipika, uzeni wenyewe wakati zuio lingali hai. Mtafute mnunuzi, benki ipewe taarifa na ikubali, alipe benki chake na kinachobaki kiwe chenu. Benki inapouza inalazimika kupata makadirio ya thamani kutoka kwa mthamini, na ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba imekukosea mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini kuikimbiza benki mahakamani baada ya mnada ni kazi ya miaka, na wakati huo mtakuwa mnapanga chumba. Mnunuzi uliyemtafuta mwenyewe Kayole, anayeijua barabara na maji ya mtaa, atakupa bei nzuri kuliko chumba cha mnada.

Niandikie tena ukishaona faili.

Bi Karani, nilisikia mikopo iliyo chini ya milioni 5 haipelekwi CRB, ile ofisi ya kumbukumbu za wakopaji. Nimekopa 14,000 kwa simu na nimeorodheshwa. Nishtaki? – Kijana wa Zimmerman

Uliyosikia yalikuwa kweli, yakaisha. Agizo hilo lilianza 1 Oktoba 2021 likafikia mwisho 30 Septemba 2022. Kabla yake kulikuwa na jingine la miezi 6 mwaka 2020, Aprili hadi Septemba. Hata wakati ule deni halikufutwa, jina tu ndilo halikupelekwa. Unachoweza kuuliza ni kama mkopeshaji alikupa taarifa siku 30 kabla ya kukuorodhesha, kwa sababu hilo ni haki yako. Unaweza pia kupata ripoti yako mara moja kwa mwaka bila malipo. Ichukue uisome, mara nyingine deni lililolipwa linabaki limeandikwa.

Mimi ni seremala hapa Gikomba, natengeneza vitanda na makabati. Swali langu ni hili: serikali ikitangaza kusimamisha kitu kwa siku 90, mfanyabiashara azihesabu vipi? Maana tulishaumia. – Fundi, Gikomba

Fundi, najua unachokumbuka. Tarehe 24 Februari 2018, mito ikiwa imekauka na watu wakipiga kelele kuhusu Mau na Aberdare, Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alitangaza kusimamishwa kwa ukataji miti katika misitu ya serikali na ya jamii kwa siku 90. Ikaongezwa. Ikaongezwa tena. Siku 90 zikawa zaidi ya miaka 5. Mwaka 2023, mwanzoni mwa Julai, ni yeye yuleyule, sasa akiwa Rais, aliyetangaza akiwa Molo kwamba marufuku imeondolewa. Kabla mafundi hawajafurahi vizuri, Agosti mahakama ikasimamisha kule kuondolewa. Nilipita Gikomba wiki hiyo, na mwenye duka mmoja wa mbao aliniuliza: "Sasa kilichosimama ni kipi?" Lilikuwa swali la haki kabisa.

Sitakuambia misitu haikuhitaji kupumzika. Nimezaliwa Nyeri, nayajua maji ya Aberdare tangu utotoni, na nayaona yalivyopungua. Lakini aliyetangaza siku 90 alipaswa kujua kwamba kuna mtu Gikomba ataweka bajeti ya siku 90, atamwambia mwanafunzi wake wa kazi arudi baada ya miezi 3, na ataahidi mteja kitanda cha Juni. Ukitaka kusimamisha kazi ya mtu kwa miaka 5, mwambie miaka 5, atafute mbao kwingine mapema au ajifunze chuma. Hapo ndipo ninapokasirika.

Jinsi ya kuhesabu, basi. Usihesabu kwa hotuba. Hotuba husema kwa jumla, agizo lililoandikwa husema kwa kina. Tafuta ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali au barua ya idara, na usome inagusa nini hasa. Ile ya 2018 ilihusu misitu ya serikali na ya jamii. Miti ya shambani kwa mtu haikuwa humo, na mbao zilizotoka Tanzania kwa njia halali hazikuwa humo. Wako mafundi waliofunga kabisa wakidhani mbao yote ni haramu, na wako waliolipa hongo barabarani kwa mbao halali kwa sababu hawakuwa na karatasi mkononi.

Halafu tazama agizo linaisha kwa nini: kwa tarehe, au kwa sharti? Waulize wenzako wa Kamukunji wanaofua masufuria na majiko. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka Embakasi na nchi kuingia gizani, Rais Kenyatta alisimamisha ununuzi, uuzaji na usafirishaji nje wa vyuma chakavu mpaka mwongozo mpya uwepo. Hakutaja siku. Sharti ndilo lilikuwa mwisho wake, na lilifunguliwa Mei. Agizo la sharti huwezi kulipangia kalenda, unaweza tu kuuliza kila wiki mwongozo umefika wapi, na mkiuliza mkiwa chama mnasikika kuliko fundi mmoja. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeumizwa na uamuzi wa kiserikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Itumieni. Barua moja yenye sahihi 40 za mafundi.

Bi Karani, kaka yangu amehukumiwa kunyongwa kwa wizi wa mabavu, wiki 3 zilizopita. Yuko Kamiti. Mama hali wala halali. Watu wanatuambia tusijali kwa sababu kunyongwa kulisimamishwa zamani. Ni kweli? Kunaweza kurudi? – Dada, Huruma

Binti yangu, pole. Mpe mama yako pole yangu.

Ni kweli kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, waliponyongwa wale wa jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982, Hezekiah Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu watu zaidi ya 4,000 waliokuwa wakingoja kitanzi, wakapewa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Kenyatta akawafanyia hivyo watu 2,747. Kwa hiyo mwambie mama hakuna anayekuja kumchukua kaka yako alfajiri. Hilo alale nalo.

Lakini hakuna sheria iliyosimamisha. Ni mazoea tu, marais wanafuatana bila kufanya. Adhabu bado imo katika Sheria ya Adhabu. Na mtakutana na watu wa kuwaambia kuhusu kesi ya Muruatetu, ambayo Mahakama ya Juu iliiamua Desemba 2017 na kusema majaji wasilazimishwe kutoa hukumu ya kifo. Julai 2021 mahakama hiyohiyo ilieleza kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake. Wizi wa mabavu haumo. Ukikutana na mtu anayetaka elfu 20 ili "awaingize Muruatetu," mpite.

Linalonitia wasiwasi ni hizo wiki 3. Kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, rufaa inapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 14. Zimepita mkitulizwa na watu kwamba kunyongwa kumesimamishwa. Kunyongwa kumesimama, siku za rufaa zinatembea. Bado hamjachelewa kabisa. Sheria inaruhusu rufaa kupokelewa nje ya muda kukiwa na sababu nzuri, na kukosa nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi baada ya kuiomba ni sababu inayotajwa wazi. Kwa hiyo kesho, siyo wiki ijayo, nenda mahakama iliyomhukumu uombe nakala kwa barua, ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa mhuri. Kaka yako naye, akiwa gerezani, anaweza kumkabidhi mkuu wa gereza karatasi za rufaa na zitapelekwa mahakamani. Magereza ina askari na wafungwa wazoefu wanaojua kuziandika, amwombe mmoja wao. Kwa wakili, ulizeni Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya wasiojiweza. Mkienda kumwona, mwulizeni tarehe kamili ya hukumu na jina la mahakama, mwandike kwenye daftari. Mtashangaa jinsi familia nyingi zinavyofika dirishani bila nambari ya kesi.

Mwenye jengo amenipa notisi ya miezi 2 nitoke kwenye kibanda changu Kariokor. Nimepeleka malalamiko kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Sina mkataba wa maandishi. Niendelee kukaa? – Mshona viatu

Endelea kukaa, ndugu yangu. Kwa kuwa huna mkataba wa maandishi, sheria inakulinda kama mpangaji wa biashara, na ukishapeleka malalamiko kabla ya siku ya notisi kufika, notisi haina nguvu mpaka baraza liamue. Kodi, hata hivyo, haijasimama hata siku moja. Ukikosa kulipa utakuwa umempa sababu ambayo hakuwa nayo. Akikataa kupokea mkononi, mtumie kwa simu, na usifute ule ujumbe.

Barua za mwezi ujao zinifikie kabla ya tarehe 20.